Nilisema Washa Redio

"Nilisema washa redio."

"Hukusema redio. Ulisema washa."

"Mama, nilisema washa redio. Upepo umekula redio, wewe ukabaki na washa."

"Basi gombana na upepo, usigombane na mimi."

Jacqueline alikuwa bado juu ya ngazi. Mkono mmoja ulishika reli ya chuma, mwingine ulikaa juu ya bomba jeupe la roketi kama wa mtu anayemtuliza ng'ombe asipige teke. Mama yake, Getrude, alikuwa amesimama nyuma ya viroba vya mchanga, kwenye meza iliyobeba boksi la kurushia. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe chekundu. Alikiondoa taratibu, akaufuta mkono kwenye kitenge ingawa haukuwa na uchafu wowote.

"Mtu akiwa juu ya ngazi anasema kwa kirefu," Getrude aliendelea, sauti ikizidi kupanda. "Hasemi neno moja halafu anategemea watu waotee. Chuoni mnafundishwa nini? Mnafundishwa kunong'ona?"

"Na aliyeko chini anatazama kabla hajabonyeza."

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi kazi. Nakwambia nilikuwa hapa."

Aidan, fundi wa kuchomelea wa pale Lundo kando ya ziwa aliyeitengeneza ile reli, aliona maneno yanaelekea pabaya, akajaribu kuyapoza. "Ndiyo shida ya watu wa milimani," alisema. "Mmezoea baridi. Mkifika popote, la kwanza ni kuwasha."

Siku nyingine Getrude angemjibu kwamba watu wa ziwani wangeoga mapema nao wangeijua baridi. Siku hiyo alimtazama tu, na Aidan akajifanya anakagua miguu ya ngazi.

Kilichotokea kilikuwa kifupi kuliko ugomvi wake. Roketi ile ilikuwa na sehemu mbili. Ya chini ilikuwa iwashwe kutoka pale mezani, kwa waya mrefu uliolazwa juu ya mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa. Ya juu haikuwa na waya. Ilikuwa ijiwashe yenyewe angani, baada ya ya chini kumaliza moto wake na kuachia, kwa amri ya kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya bomba. Jacqueline alikuwa amepanda kuiamsha kompyuta hiyo. Ilipoamka alitaka mama yake awashe redio ya kufuatilia, ile ambayo baadaye ingewaambia roketi imeangukia shamba la nani. Akapaza sauti. Getrude akasikia washa, na kidole chake kikaenda kwenye kitufe chekundu, kitufe cha kujaribia kiwashio cha injini ya juu, kilichopeleka amri kwenye kompyuta bila waya.

Kompyuta ikatoa mlio mrefu. Wote wawili waliujua ule mlio. Baada yake hakikufuata kitu.

Na kwa kuwa hakikufuata kitu, Getrude alipata nafasi ya kugomba.

Kugomba alikujua. Alikuwa na karakana Mbinga mjini, nyuma ya ghala la kahawa, na kazi yake ilikuwa kusuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga na za kumenya kahawa. Stashahada yake ya umeme ilitundikwa ukutani juu ya rundo la nyaya za shaba, na wateja waliomwita mama badala ya fundi walisahihishwa mara moja tu. Katika karakana ile palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: aliyeingiza mikono kwenye mashine ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kusema washa. Akishasema, aliyeko kwenye swichi haulizi, hachungulii, hangoji. Anawasha. Sheria hiyo ilikuwa imewalinda vijana wengi wasipoteze vidole, maana hakuna anayesema washa mikono yake ikiwa ndani. Getrude mwenyewe alikuwa ameitii na kuitiisha tangu kabla Jacqueline hajazaliwa, hadi neno lenyewe lilikuwa haliingii tena kichwani. Lilitoka sikioni likaenda moja kwa moja mkononi.

Wiki nzima walikuwa wamelilisha neno hilo mazoea mapya. Jacqueline aliporudi likizo alileta kompyuta ile na michoro yake, wakageuza meza ya kulia chakula kuwa karakana ya pili, na Tobias, baba wa nyumba, akahamia na sahani yake barazani bila malalamiko. Mahali pa kiwashio waliweka balbu ndogo ya tochi. Jacqueline alikaa upande huu na waya, Getrude upande ule na boksi. "Washa," binti alisema. Mama alibonyeza kitufe chekundu, mlio mrefu ukasikika, balbu ikatoa mwanga. "Imewaka," walisema kwa pamoja, na mara nyingine Tobias aliitikia kutoka barazani, "Imewaka," akiwa na tonge mdomoni. Kulikuwa na furaha katika mchezo ule ambayo Getrude hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Binti aliyeondoka nyumbani akiwa mtoto wa kuagizwa alikuwa amerudi mtu wa kufanya naye kazi.

Waligombana mara moja tu, kuhusu pini.

Jacqueline alitaka kutoboa tundu ubavuni mwa bomba na kupitisha pini ya chuma. Pini ikiwa ndani, betri ingetengana na kiwashio, na ncha mbili za kiwashio zingegusana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba hata umeme wa kupotea usingekuwa na pa kufanyia kazi. Pini ingechomolewa mwisho kabisa, roketi ikiwa imesimama wima na watu wote, isipokuwa anayeichomoa, wamekwenda mbali. Getrude alikataa. Kompyuta ilikuwa tayari na masharti yake: haitoi umeme mpaka ihisi roketi imesukumwa kutoka chini, mpaka ifike kimo kilichowekwa, na mpaka ione imesimama wima, haijainamia kwa watu. Sharti moja likikosekana inanyamaza, na roketi inarudi na parachuti ikiwa na injini yake mbichi. Hayo yalimtosha.

"Programu inatosha," alisema. "Kila unachoongeza ni kitu kingine cha kuharibika. Pini italegea, itashika kutu, itasahauliwa humo ndani. Watu watakuja kutazama roketi inayokataa kuwaka kwa sababu ya msumari."

"Ikikataa kuwaka sitalia, Mama. Ikiwaka mapema ndiyo nitalia, kama nitakuwepo."

"Acha uchuro mezani."

Aliyemaliza ubishi ule alikuwa Walburga, dada yake Tobias, aliyepanda kutoka Lundo kuleta parachuti aliyoishona kwa cherehani yake. Walburga hakujua la umeme wala hakujifanya anajua. Alikuwa anakunja kitambaa chake, akauliza tu, "Kwani siku hiyo nani atakuwa pale juu mkiunganisha hizo nyaya zenu?"

"Mimi, Shangazi," alisema Jacqueline.

"Basi mwekee mtoto pini yake, wifi. Ikishika kutu nitaipaka mafuta ya mawese."

Getrude alitoboa lile tundu mwenyewe, kwa hasira, na kwa kuwa hakuweza kufanya kazi mbaya hata akiwa na hasira, tundu lilitoka safi na pini ikakaa bila kucheza.

Sasa Jacqueline alishuka kwenye ngazi. Alishuka polepole, akitafuta kila kipago kwa unyayo kabla ya kukikanyaga. Alivuka mabua ya mpunga hadi mezani, akaligeuza boksi, akatazama kioo chake kidogo kwa muda. Kisha akamwonyesha mama yake.

Kiooni palikuwa pameandikwa MAJARIBIO.

Getrude alisoma, akasoma tena. Kompyuta ilikuwa imeamka katika hali ileile waliyoizimia mezani nyumbani. Jacqueline alikuwa bado hajaihamishia kwenye safari, maana hatua hiyo ilikuja baada ya redio. Kwenye majaribio haikuuliza kama imesukumwa. Haikuuliza kimo. Haikuuliza chochote. Ilingoja kitufe, na kitufe kilipobonyezwa ilitoa umeme wote, kama ilivyofanya kwa balbu, kwa utiifu ambao yeye mwenyewe angeusifia kwa kijana wa karakana. Masharti yote aliyoyategemea yalikuwa yamelala. Kilichokuwa macho kilikuwa ile pini, kipande cha chuma chenye utepe.

"Ulikuwa umeweka wapi kichwa?" aliuliza.

"Mama, yameisha."

"Nimeuliza kichwa kilikuwa wapi."

Jacqueline aligusa shavu lake la kushoto. "Nilikuwa nimeliegemeza kwenye bomba. Upepo ulikuwa mwingi, nilitaka kusikia kama imeamka."

Ziwa nyuma yao lilikuwa linameta. Ng'ambo ya kamba ya mkonge wanafunzi waliokuja kutazama walikuwa wanasukumana, na wanawake wa kijiji, waliojua vizuri kwamba jambo la wataalamu huchelewa, walikuwa wamerudi kugeuza dagaa wao wa usipa juu ya vichanja. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kumetokea kitu. Ndicho kilichomtisha Getrude. Alizoea ajali zinazojitangaza, fyuzi kulipuka, moshi, mtu kuruka nyuma akilaani. Hii ilikuwa imempita mtoto wake shavuni na kuondoka, na mchana ukaendelea kama mchana.

Alitaka kusema kitu kingine kuhusu kunong'ona. Akaketi juu ya kiroba cha mchanga.

Kidole kile alikitazama. Kilikuwa na kovu la zamani la koili ya moto, na ukucha uliokatwa mfupi wa mtu anayefanya kazi. Kilikuwa kidole kilichompapasa huyu mtoto fizi akiota meno. Getrude hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na hakulia.

Walburga alikuja na chupa ya chai, akaketi kwenye kiroba cha pili, akamwekea kikombe mkononi.

"Hivi nyie," alisema, kama anayeuliza habari za sokoni, "redio mnaiwasha?"

"Tunaiwasha, Shangazi. Kwani nyie mnaifanyaje?"

"Sisi huku redio tunafungulia. Marehemu baba alikuwa anasema, fungulieni redio tusikie taarifa. Moto ndio unawashwa. Na upupu, ukijipitisha kwake, ndio unawasha. Nyie wa mjini mmelichukua neno moja mmelivalisha kila kitu. Taa washa, gari washa, simu washa, na hilo dude washa. Litaacha kuchanganya watu?"

Aidan alicheka, kisha akaacha.

Getrude alikuwa anafikiri. Ilikuwa kweli. Lugha nzima ilikuwa imempa neno moja la kuamsha kitu na la kukichoma, na yeye mwenye stashahada, anayewapaka rangi vijana nyaya zao ili wasichanganye wa moto na wa ardhi, hakuwahi kufikiri kwamba maneno nayo yanahitaji rangi zake. Sheria ya karakana yake ilikuwa nzuri mahali ambapo kila kinachowashwa ni mota. Aliibeba kwenye gari dogo mpaka ziwani, akaiweka mezani pamoja na boksi, na hakuuliza kama itafaa.

"Haikuwa upepo," alisema.

Jacqueline alikuwa anakunja waya usiohitaji kukunjwa. "Nini?"

"Upepo haukula kitu. Labda ulisema redio. Mimi nilipofika kwenye washa niliacha kusikiliza."

"Na mimi ningetumia neno jingine."

"Ungetumia. Lakini aliyebonyeza ni mimi."

Walburga alimpiga kiwiko kidogo. "Umekiri, vizuri. Sasa mshukuru mtoto, wifi. Kugomba umeshagomba."

Getrude aliinuka. Kushukuru kulimpa shida kuliko kukiri. Kukiri ni kama kufungua mota na kuonyesha palipoungua, lakini kushukuru huna cha kuonyesha, unabaki umesimama mbele ya mtu na mikono mitupu. Alimwendea binti yake, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza kulia na kushoto kama anayekagua chungu sokoni, shavu hili, shavu lile.

"Asante kwa kunibishia," alisema. "Kwenye ile pini. Nilikubishia usiku mzima na hukuniachia. Asante, mwanangu. Mungu akubariki kwa ubishi huo."

Jacqueline alicheka, na ndani ya kicheko machozi yakampata. "Nimeurithi, Mama."

"Najua ulikourithi. Nyamaza."

Kisha Aidan akakohoa na kuuliza kile ambacho wote walikuwa wanakizunguka, awaambie watu nini: warudi nyumbani au wangoje?

Jibu la kwanza lililomjia Getrude lilikuwa rahisi na lilifanana na busara. Kufungasha. Kumweka mtoto kwenye gari, kupanda milima kabla jua halijazama, na roketi ibaki pambo juu ya kabati. Hakuna ambaye angemlaumu. Aliliangalia jibu lile na akaliona lilivyo: alitaka kuondoka na kosa lake kabla halijatazamwa vizuri. Na alitaka kumnyang'anya binti yake kazi ya mwaka mzima kwa sababu kidole cha mtu mwingine kilikosea.

"Wewe unasemaje?" alimwuliza Jacqueline.

"Ukisema turudi, nitarudi na sitanuna. Lakini pini imefanya kazi iliyowekewa. Hata ningekuwa mtu mwingine, ningechagua kurusha hii ya sasa kuliko ile tuliyoondoka nayo asubuhi. Ile ya asubuhi hatukuwa tumeijua."

"Na mimi nikae wapi? Maana mezani sikai tena."

"Mama, sijasema hivyo."

"Nimesema mimi."

Getrude alivuta sanduku lake la zana kutoka chini ya meza. Aling'oa betri ya boksi kwanza. Kisha akafungua skrubu za kifuniko, akakipindua, akafuata kwa ncha ya kalamu nyaya mbili zilizotoka kwenye kitufe chekundu, nyaya alizozichomelea mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha, vizuri, akijivunia. Alikuwa ameng'ang'ania kitufe kile kiletwe hadi shambani, akisema tutakihitaji tena. Akachukua koleo la kukatia. Ka. Ka. Akazivuta nyaya zote mbili nje, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati, na betri akaitia kwenye mfuko huohuo.

"Majaribio ni ya nyumbani," alisema. "Huku kitu cha juu kitawashwa na kompyuta, na kitawashwa kikiwa mbinguni. Hakuna mtu wa kukiwasha kutoka hapa. Na anayepanda ngazi anapanda na betri ya boksi mfukoni. Mezani pabaki boksi tupu."

"Sawa," alisema Jacqueline, na kunyoosha mkono apewe betri.

Getrude hakumpa. Alifunga kitenge kiunoni vizuri, akavua kandambili.

"Mama. Magoti yako."

"Magoti yangu yamepanda milima ya Litembo na gunia la mahindi wewe hujazaliwa. Hapo ulipokuwa umeweka shavu, nakwenda mimi. Wewe unanisomea hatua, moja moja, na mimi narudia ulichosema kabla sijagusa. Nikikosea kurudia, unanisimamisha. Ukitaka kugomba, gomba."

Jacqueline alimtazama shangazi yake, naye Walburga akainua mabega, maana alimjua wifi yake. Aidan aliishika ngazi mpaka Getrude akapata vipago vya kwanza, kisha Getrude akamwambia aondoke, aende ng'ambo ya kamba pamoja na wengine, naye akaenda bila utani.

Ngazi ilikuwa na mtikisiko ambao hakuuona akiwa chini. Bomba lilikuwa na joto la jua. Alipofika juu aligeuka kutazama meza, na akaona jinsi ilivyo karibu, jinsi mtu aliyekaa pale anavyoonekana wazi kabisa, uso wake, mikono yake, kidole chake. Alitazama mpaka alipotosheka kutazama.

"Hamishia kwenye safari," Jacqueline alisoma kwa sauti, taratibu.

"Nahamishia kwenye safari," Getrude alirudia, na kuhamisha. Kompyuta ikatoa milio mifupi.

"Naitazama reli. Iko wima."

"Iko wima."

"Sasa pini. Mimi natoka mezani."

Getrude alingoja. Alimwona binti yake akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka meza ikabaki peke yake juani, kisha binti akainua mikono yote miwili, viganja wazi, akaiacha juu.

"Chomoa pini, Mama."

"Nachomoa pini."

Akageuza uso mbali na bomba, kuelekea ziwani, akavuta.